Kuhamisha CD za nyumbani: faili mama kwanza, MP3 baadaye

Mtoto wa kaka yangu alinijia na flashi mkononi, uso umejaa ushindi. "Ami, nimezimaliza zote. Hata siku moja haikufika." Zote maana yake ni CD mia tatu na kitu za marehemu babangu, makatoni manne yaliyokuwa juu ya kabati kule Kibokoni, Mombasa. Nilijua hapo hapo pana jambo. Tukaichomeka kwenye redio ya gari: kimya. Tukaifungua kwenye laptopu: Track01.cda, Track02.cda, mstari juu ya mstari, na kila faili ina baiti 44 tu.

Faili ya .cda si wimbo. CD ya muziki haina faili ndani yake. Ina mkondo mmoja mrefu wa sauti, na mwanzoni orodha fupi inayosema wimbo wa kwanza unaanzia hapa, wa pili pale. Windows ndiyo inayokutengenezea hivyo vijina ili macho yako yaone kitu. Kuvikopi ni kama kubeba kibao cha duka ukidhani umenunua mchele.

Basi tukaanza upya, safari hii kwa utaratibu, na nimeuandika hapa kwa sababu kila mtu anayenisikia nikiizungumzia kazi hii huniuliza, "Niweke 128 au 320?" Wanauliza MP3 itumie biti elfu ngapi kwa kila sekunde (kbps). Hilo ni swali la mwisho. La kwanza ni hili: je, diski hii itanipa nafasi ya kuisoma mara ya pili? Kwa joto na chumvi ya hewa yetu, nyingi hazitakupa. Kwa hiyo ile mara moja utakayoisoma, chukua kila kitu kilichomo, bila kupunguza hata biti. Hiyo ndiyo faili mama. MP3 za gari, za simu na za redio ya jikoni utazizaa kutoka kwake, leo au mwaka ujao.

Gawa mafungu kabla ya kuwasha laptopu

Zitandaze mkekani, upande unaosomwa juu. Za kiwandani zina rangi ya fedha safi. Zilizochomwa dukani au nyumbani hurudisha kijani, buluu au dhahabu, kwa sababu data yake imeandikwa kwa leza kwenye rangi ya kemikali. Rangi hiyo haipatani na jua wala joto, na nyingi ya CD hizi zimekula miaka kwenye dashibodi ya gari. Hao ndio wagonjwa mahututi, anza nao. Ya kiwandani iliyokaa kwenye kasha lake inaweza kungoja.

Fungu la tatu ni zile zilizoandikwa kwa kalamu "MP3 nyimbo 150". Hizo ni CD za data. Ndani mna faili za kawaida, na hapo kijana wetu angekuwa sawa kabisa: kopi folda, basi. Usizigeuze kuwa kitu kingine.

Pana mtego kati ya fungu la pili na la tatu. Kuna CD zinazocheza kama CD halisi ya muziki, lakini aliyezichoma alitumia MP3 za 128 alizopewa na mwenzake. Sauti iliyokwisha kukatwa hairudi, hata ukiihifadhi kwa muundo wa kifahari namna gani. Kuzitambua, nakili wimbo mmoja, kisha utazame picha ya masafa yake, sauti za chini hadi za juu, kwenye programu ya Audacity au Spek, zote za bure. MP3 ya 128 huonyesha sauti ikikatika ghafla karibu na 16 kHz, mstari ulionyooka kama ukuta. Usiichanganye na rekodi iliyotoka kwenye kaseti: nayo haina sauti nyingi za juu, ila zake hufifia polepole, hazikatwi kwa rula.

Na za kaseti kwetu ni nyingi. Babangu alikuwa na waimbaji wa taarabu Juma Bhalo na Zein l'Abdin kwenye CD za kuchomwa ambazo ukisikiliza vizuri unasikia ule mvumo wa utepe, shhh, nyuma ya udi. Mtu atakwambia rekodi yenyewe ni ya kaseti, kwa nini ujisumbue na ubora wa juu? Mimi naona kinyume chake. Mvumo ni sauti isiyo na mpangilio, na programu ya MP3 huhangaika nayo: hutumia biti zake kuuchora mvumo, na kinachobaki kwa ajili ya mwimbaji ni kidogo. Rekodi dhaifu ndiyo inayoumia zaidi ikibanwa. Tena usikubali kitufe chochote cha kusafisha kelele wakati wa kunakili. Kama unataka kusafisha, safisha nakala. Mama mwache kama alivyo.

Osha, kisha itazame kwenye taa

Maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, kidole laini, halafu futa kwa kitambaa cha pamba. Kipande cha leso iliyofuliwa mpaka ikalainika kinafaa sana. Futa kutoka katikati kwenda ukingoni, mstari mnyoofu kama miali ya jua. Usizungushe, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mviringo hufunika data nyingi zilizofuatana, na kisomaji hushindwa kuziba pengo. Madoa meupe ya kuvu, yale yanayoota vitu vikifungiwa kabatini wakati wa masika, mara nyingi hutoka kwa njia hii. Asetoni na petroli usiguse kabisa, zinaila plastiki.

Baadaye inua diski mbele ya balbu, upande wa maandishi ukikutazama. Ukiona vitundu vya mwanga kama nyota, ile tabaka ya kuakisi imekwisha kuliwa mahali hapo na hakuna sabuni itakayoirudisha. Watu hulinda upande wa chini na kuurusha wa juu mezani, kumbe wa juu ndio dhaifu: chini kuna plastiki nene ya zaidi ya milimita moja, juu kuna tabaka jembamba la vanishi tu. Kibandiko cha karatasi kilichoanza kukunjuka usikibandue. Kitaondoka na muziki.

Kwa nini FLAC

Hesabu ya CD haijabadilika tangu Sony na Philips walipokubaliana juu yake mwaka 1980: vipimo 44,100 kwa sekunde, biti 16 kila kipimo, njia mbili za sauti, kulia na kushoto. Zidisha, unapata biti 1,411,200 kwa sekunde, yaani kbps 1,411. Dakika moja ni kama megabaiti 10, na CD ya saa moja ni megabaiti 635.

Ukiihifadhi hivyo hivyo, hiyo ni WAV. Haina ubaya wa sauti, ila inakula nafasi na haishiki vizuri jina la mwimbaji na la wimbo ndani yake. Baada ya miaka miwili una folda iliyojaa "Track 07" na hakuna anayejua ni nani.

FLAC huchukua sauti ile ile na kuikunja, kama unavyokunja nguo ndani ya sanduku. Ukiifungua, kila biti iko mahali pake. Kwa kawaida saa moja inashuka mpaka megabaiti 350 hivi, ingawa rekodi yenye mvumo mwingi hukunjika kidogo kuliko hapo. Ni ya bure, haina mwenyewe wa kudai ada, na inabeba ndani yake namba ya uhakiki, kwa hiyo miaka kumi baadaye unaweza kuiuliza programu, "Faili hii imeharibika?" ikakujibu. Hilo la mwisho ndilo lililonivuta mimi kuliko yote.

Utaona kipimo cha kubana kutoka 0 hadi 8. Wengi hudhani 8 ni ubora wa juu, wengine wanaiogopa wakidhani inabana sauti mpaka inaumia. Si hivi wala si vile. Sauti ni ile ile kwa 0 na kwa 8. Tofauti ni muda wa kompyuta na megabaiti chache. Iache 5, ambayo huja nayo, uendelee na maisha.

Kama nyumba yenu yote ni ya Apple, tumia ALAC, muundo wao wenyewe, kwa sababu programu yao ya muziki haiingizi FLAC. Nao hukunja bila kupoteza biti kama FLAC, na siku ukihama unaigeuza kuwa FLAC bila kupoteza chochote.

Jingine: usishawishike kuchagua biti 24 na 96 kHz. Kwenye CD hakuna zaidi ya 16 na 44.1. Ukiweka zaidi unahifadhi hewa, na faili inanenepa bure.

Mipangilio ya kunakili

Laptopu nyingi za siku hizi hazina mlango wa CD, kwa hiyo utahitaji kisomaji cha nje cha USB. Tumia laptopu yenye betri nzima. Stima ikipotea katikati ya kuandika kwenye hadidiski, hasara yaweza kuwa zaidi ya wimbo mmoja.

Kwenye Windows natumia Exact Audio Copy, ambayo imekuwepo tangu 1998 na sura yake bado ni ya 1998. Isikutishe. Kwenye Mac kuna XLD, na fre:ac inafanya kazi kote kote, hata Linux. Chochote utakachochagua, hakikisha mambo haya matatu.

La kwanza, usomaji wa uangalifu. Kwenye Exact Audio Copy unaitwa "Secure". CD ya data ina ulinzi wa ziada dhidi ya makosa, CD ya muziki haina, kwa hiyo kisomaji kikikuta mkwaruzo hukisia kilichopotea na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwenye redio husikii. Kwenye faili mama hutaki kisio. Hali ya uangalifu hurudia kusoma sehemu yenye mashaka mpaka majibu yafanane, au ikwambie wazi kwamba imeshindwa.

La pili, soma mara mbili ulinganishe. Chagua "Test & Copy", na mwisho utapewa namba mbili za uhakiki kwa kila wimbo. Zikilingana, umeipata. Kuna pia AccurateRip, hifadhidata inayolinganisha namba yako na za watu wengine duniani walionakili diski ile ile. Kwa CD za kiwandani ni msaada mkubwa. Kwa taarabu iliyochomwa mtaani usishangae ukiambiwa haimo; shahidi wako hapo ni ile mara ya pili.

La tatu, zima kila kinachojaribu kukusaidia: kusawazisha sauti, kukata ukimya, kuongeza besi. Kwenye CD za maulidi au za taarabu ya jukwaani nyimbo hushikana, makofi ya wimbo huu yanaingia kwenye wimbo ujao, na ukikata ukimya unakata pumzi ya ukumbi.

Kila CD ilinichukua kama dakika 20. Mia tatu ni saa mia moja. Usijaribu kuzimaliza wikendi moja, utaanza kuruka hatua. Sisi tulifanya tano kila usiku baada ya isha, na ikachukua miezi miwili na kidogo, kwa sababu usiku mwingine tulikaa kusikiliza badala ya kufanya kazi.

Diski ikikataa katakata, jaribu kisomaji kingine kabla ya kukata tamaa. Kuna moja iliyogoma kwangu kabisa, ikasomeka yote kwenye kompyuta kuukuu ya jirani, na mpaka leo sijui kwa nini. Dawa ya meno ya kusugulia mikwaruzo ni msasa kwa jina jingine. Iwe ya diski ambayo hata hivyo umeipoteza.

Majina

Programu itatafuta majina ya nyimbo mtandaoni kwa kulinganisha urefu wa nyimbo. Kwa CD za huku mara nyingi haipati, na mara nyingine inapata kitu cha ajabu. CD moja ya kasida ililetewa majina ya bendi ya metali. Andika mwenyewe, ukitazama kasha.

Amua tahajia moja ya kila jina ushikamane nayo. Nilikuta Zein l'Abdin, Zein Labdin na Zein Abdin, na simu ikawafanya watu watatu. Vivyo hivyo Bhalo na Balo. Andika namba ya wimbo kwa tarakimu mbili, 01, 02, ili 10 isitangulie 2. Kama kasha lina mwaka, jina la duka au maandishi ya mkono, lipige picha uiweke ndani ya folda. Kwenye kasha moja babangu aliandika ni nani aliyemchomea na wakati wa harusi ya nani. Hilo halimo kwenye hifadhidata yoyote.

Sasa ndio swali la 128 au 320

Huku hakuna hatari tena. Ukikosea, rudi kwa mama uzae upya.

MP3 hubana kwa kutupa kile inachodhani sikio halitakikosa. Hata 320, kiwango chake cha juu kabisa, ni chini ya robo ya kilichokuwa kwenye CD. 128 ni sehemu moja ya kumi na moja. Nilitaka kujua mimi mwenyewe nasikia nini, nikachagua wimbo wenye tashkota. Tashkota inafaa kwa jaribio hili: nyuzi za chuma, vibonyezo kama vya taipureta, na kila noti inaanza kwa mshindo mkali. Nikatengeneza nakala tatu, MP3 ya 128, MP3 ya V2 (kiwango kinachobadilika) na FLAC, nikavaa hedifoni, kijana akawa anachezesha bila kuniambia ipi ni ipi.

Ile ya 128 niliikamata kila mara. Kabla ya noti kugonga, kuna mchakacho mdogo unaotangulia, kama wa mchanga, na vigelegele vinatoa sauti ya maji. Ya V2 na FLAC yenyewe nilibahatisha tu. Kijana, mwenye masikio ya miaka kumi na tisa, naye alibahatisha.

Kwa hiyo nakala zetu ni MP3 zilizotengenezwa kwa LAME, programu ya bure ya kubana MP3, kiwango kinachobadilika, V2. Wastani wake ni kbps 190 hivi: programu inatumia biti nyingi tashkota inapochachamaa na chache mwimbaji anapovuta pumzi. CD ya saa moja inakuwa megabaiti 85, na zote mia tatu zinaingia kwenye flashi moja ya GB 32. Kwa 320 zisingeingia. Ukiwa na redio kuukuu inayoonyesha dakika za ajabu au kurukaruka, ipe kiwango kisichobadilika cha 192.

Mawaidha na hotuba ni habari nyingine. Sauti ni ya mtu mmoja. Weka njia moja badala ya mbili, na 64 inatosha kabisa. Muundo wa Opus ungefanya vizuri zaidi kwa kiwango kidogo kuliko hicho, ndiyo ile inayobeba ujumbe wa sauti wa WhatsApp, lakini redio nyingi za gari haziijui. Kwenye simu tumia upendavyo.

Redio hizo za gari zina tabia zake. Nyingi husoma flashi iliyopangwa (format) kwa FAT32 tu. Nyingi hucheza nyimbo kwa mpangilio zilivyokopiwa, si kwa majina, kwa hiyo kopi folda moja baada ya nyingine. Chagua ID3v2.3 badala ya 2.4 kwenye mipangilio ya majina, na picha ya kasha isizidi pikseli 500 kwa 500. Na ukimtumia mtu wimbo kwa WhatsApp, utume kama dokumenti ufike kama ulivyo.

Mahali pa kuweka

CD mia tatu kwa FLAC ni kama GB 105. Weka kwenye hadidiski mbili, na zisikae nyumba moja. Yetu moja iko Kibokoni, nyingine kwa dadangu Likoni, na ikihitaji kuongezewa inavuka kwa feri ndani ya kifuko cha plastiki.

Flashi zisiwe ghala la mama, hasa zile za barabarani zinazojiita terabaiti mbili kwa bei ya chakula cha mchana. Nyingi zimedanganywa ndani: zinakubali faili zote kwa adabu, kumbe nafasi ya kweli ni ndogo na zinazozidi zinaandikwa hewani. Kabla ya kuiamini yoyote, ijaze na uipime kwa H2testw, au F3 kama uko Linux au Mac.

Kabla ya kurudisha katoni juu ya kabati, fungua folda tatu kutoka hadidiski ya pili, si ya kwanza, ucheze wimbo wa mwisho wa kila moja mpaka uishe. Sisi tulipofanya hivyo mamangu alitoka jikoni, akasimama mlangoni, akauliza ile CD yenye kibandiko kilichokunjuka iko wapi. Ilikuwa kwenye fungu la zilizoshindikana. Imetoka nyimbo tano kati ya nane, na hizo tano ndizo sasa za kwanza kwenye flashi ya redio yake.